Mzee Mogesi Achanjwa kwenda Ghana

Watu wa Nyarero wanamfahamu Mzee Mogesi kwa mambo mawili: hanunui ng'ombe kabla ya kumfungua mdomo na kumhesabu meno kwa mkono wake mwenyewe, na hakubali kushindwa kwa maneno. La kwanza limempatia faida minadani. La pili limemgombanisha na wachungaji wa makanisa mawili, mwenyekiti wa kijiji na mke wake Boke, ambaye ameshazoea. Ndiyo maana siku alipoketi kwenye benchi la kituo cha chanjo ya wasafiri pale mpakani Sirari, kofia gotini, bila neno hata moja la kubishia, binti yake Felista alimtazama mara mbili akidhani mzee anaumwa.

Haumwi mtu. Mzee alikuwa amechanganyikiwa tu, na kwa mtu aliyezoea kujua kila kitu, hilo ni balaa kuliko malaria.

Mambo yalianza kwa simu. Ezra, mtoto wa kiume pekee wa Mogesi, yuko Ghana, anaendesha mtambo wa kuchoronga miamba kwenye mgodi wa dhahabu. Kazi aliianzia hapa hapa, kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji wadogo wa Nyakunguru, akapanda taratibu mpaka kampuni moja ya kigeni ikamchukua. Mwezi uliopita jiwe lilimwangukia mguu wa kushoto. Madaktari wa huko waliunga mfupa kwa vyuma, lakini kidonda kilikataa kupona, kikaanza kuoza kwa ndani, na sasa wanasema mguu ukatwe chini ya goti. Wanaweza kukituliza kwa dawa kwa muda mfupi. Wakichelewa sana sumu itapanda, na hapo kitakachopotea si mguu peke yake.

Ezra alikataa kutia saini. Aliwaambia watamkata siku baba yake atakapokuwa amesimama pale. Kampuni ikakubali kugharamia safari ya ndugu mmoja na kushughulikia karatasi zake. Felista alipomuuliza mdogo wake kwa nini baba, kwa nini si mama, au yeye mwenyewe Felista aliyembeba mgongoni tangu anyonye, Ezra alisema tu mleteni Tata, kama walivyozoea kumwita baba yao, akakata simu.

Hapo ndipo Mogesi alipoanza kupotea njia kichwani. Kati ya watu wote ambao Ezra angeweza kuwaita, yeye alijiweka wa mwisho, tena kwa haki.

Ezra alipokuwa mvulana wa shule ya msingi, Boke alimpeleka hospitali likizo moja akatahiriwa na daktari, kwa ganzi, wakati Mogesi yuko Serengeti anatafuta ng'ombe. Nia ya Boke ilikuwa njema. Mwaka ule watoto wawili wa jirani walikuwa wametoka kwenye saro, tohara ya kimila, na vidonda vibaya, na mmoja alikaribia kufa. Lakini Mogesi aliporudi alikuta siku aliyoingoja tangu mtoto azaliwe imepita bila yeye. Kwa Wakurya wa umri wake, saro ndiyo mlango wa kuingilia duniani. Mvulana anasimama mbele ya watu, baba na wajomba wamemzunguka, kisu kinapita na yeye hapepesi jicho. Akitoka hapo ana rika, ana heshima, ana mahali pa kukaa kwenye sherehe. Aliyekatwa kwa ganzi hana rika. Mogesi akatamka mbele ya majirani, "Huyu kwangu bado hajazaliwa."

Mtu mwingine angelisema kwa hasira na baada ya mvua moja angelisahau. Mogesi, kwa ule ubishi wake, akalishika neno lake miaka yote. Akiulizwa watoto anawataja wasichana wanne, kisha ananyamaza. Ezra alimjengea nyumba ya bati. Mzee akalala chini ya bati hilo na akaendelea kunyamaza. Nasema wazi kwamba huo ulikuwa ukatili, na nadhani yeye mwenyewe alishaujua zamani, ila hakujua namna ya kurudi nyuma bila watu kumwona.

Sasa huyo ambaye hajazaliwa anamwita. Mogesi alimwambia Boke labda kijana anataka aondolewe laana. Boke, akipepeta mtama bila kuinua uso, alisema hajawahi kusikia laana ikitoka kwenye mdomo wake, amesikia kimya tu, kwa hiyo aende akamuulize mwenyewe.

Pale kituoni aliwapokea muuguzi mmoja, Scholastica, mzaliwa wa kijiji cha Genkuru, mcheshi na mwenye subira. Alieleza kwamba Ghana hawamruhusu mtu kuingia bila kadi ya njano inayoonyesha amechanjwa homa ya manjano, na kwamba chanjo huanza kutambuliwa siku kumi baada ya kuchomwa. Mogesi aliuliza kama yeye anao ugonjwa huo. Akaambiwa hana. Aliuliza kama Ezra anao. Hana. Aliuliza kama Nyarero kuna mtu yeyote mwenye nao, akaambiwa hakuna taarifa hiyo.

"Basi nachomwa kwa ugonjwa wa nani?" aliuliza, na hakuwa anabisha. Alitaka kujua kweli.

Scholastica alimuuliza kama huwa anasubiri ng'ombe waanze kufa ndipo awachanje. Mogesi alisema hapana, anachanja akisikia ugonjwa umefika kwa jirani. Scholastica akasema ni vilevile, ila safari hii ng'ombe ndiye anayekwenda kwa jirani. Mzee alilipenda jibu hilo, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha baada ya kitambo akagundua kwamba ng'ombe mwenyewe ni yeye.

Ushauri ukafuata, mwingi, na kila mmoja ulimwacha nyuma kidogo. Alale kwenye chandarua na ameze dawa ya kuzuia malaria. Malaria, yeye, mtu aliyeumwa malaria kabla mama yake huyu muuguzi hajaolewa? Anywe maji ya chupa. Kwenye ndege asikae tu, ainuke anyooshe miguu ili damu isigande. Asibebe nyama wala maziwa, na hapo Felista aliangalia chini, kwa sababu Boke alikuwa ameshaandaa dumu la maziwa ya mgando kwa ajili ya Ezra. Kisha akaulizwa kama mayai yanamdhuru.

Mogesi akamgeukia binti yake kutafuta msaada. Kuku ameingiaje katika safari ya Ghana? Scholastica alisema chanjo hii hutengenezwa kwa kutumia mayai ya kuku, na mtu ambaye mayai humdhuru vibaya hapewi. Mzee akajibu kwa heshima yake yote kwamba wanaume wa rika lake hawali mayai, kwa hiyo hawezi kujua. Felista akamkumbusha zile chapati nene za njano anazozitafuta kila akija Sirari.

"Zile zina mayai?"

"Mawili kila moja, Tata."

Benchi zima likacheka. Aliyecheka zaidi alikuwa Joram, mzee wa Nyarero aliyemsindikiza mkwe wake, mtu ambaye yeye na Mogesi walisimama saro asubuhi moja. Joram hakuwa mtu wa kuweka habari kifuani. Mogesi alijua kwamba kabla jua halijazama Nyarero yote ingekuwa inajua habari za mayai.

Mpaka hapo ilikuwa mizaha. Scholastica akafungua pasi ya kusafiria, akaandika umri wa mzee, hamsini na mitano, akamtazama Felista na kumuuliza kama ni mdogo wake. Felista alisema ni binti yake, mtoto wa kwanza. Scholastica akauliza Felista ana miaka mingapi. Arobaini na sita, akajibu Felista, na kabla hajamaliza akaona muuguzi ameweka kalamu mezani.

"Kwa hiyo mzee alikuzaa akiwa darasa la tatu," alisema Scholastica.

Mfanyabiashara mmoja Mkenya, mama mwenye mizigo ya vitenge aliyekuwa akingoja zamu yake, aliguna akasema, "Huyo mzee alikuwa mkali sana." Kicheko kikazunguka tena, lakini Scholastica hakucheka. Alikuwa Mkurya naye, na alishaanza kuelewa. Alimuuliza Mogesi kwa upole: siku ile ya kuandikishwa kitambulisho, walipomuuliza mwaka wa kuzaliwa, alitaja mwaka gani?

Mogesi alisema alitaja mwaka wake, mwaka wa saro, kama mtu mzima yeyote. Hakudanganya. Hata leo haoni kama alidanganya. Kabla ya hapo alikuwa mvulana tu nyuma ya ndama, nani anahesabu miaka ya mvulana? Miaka ya mtu huanza akishakuwa mtu. Kile kitambulisho ndicho kilichozaa pasi, na pasi ndiyo hii.

Scholastica aliinuka, akaenda kumwita Daktari Ndalahwa.

Daktari huyu ni Msukuma, mrefu, mpole wa sauti, ambaye yuko Tarime miaka michache na bado hushangazwa na watu wa huku. Alisikiliza yote, kisha hakukaa nyuma ya meza. Alikuja akakaa kwenye benchi karibu na mzee, Felista upande wa pili. Akaeleza kwamba ndani ya chanjo hii mna kirusi kilicho hai, kimedhoofishwa tu, na karibu watu wote hawapati shida nacho. Ila kwa mtu aliyepita miaka sitini, mara chache sana, huweza kumgeuka na kumwumiza vibaya. Chini ya hapo yeye huchoma bila wasiwasi. Juu ya hapo lazima apime kwanza afya ya mtu, apime na safari yenyewe kama inafaa.

"Kwa hiyo mzee wangu, niambie umri wako. Achana na wa kwenye pasi."

Mogesi alitamani kujibu, lakini kila jibu lilikuwa na mtego wake. Akisema hamsini na mitano, anachomwa. Akisema zaidi, huenda anafungiwa mlango, na yule kijana yuko kitandani na mguu wake. Na kilichomtisha kuliko yote ni kwamba hakuwa anaujua huo umri mwingine. Alianza kuutafuta kwa sauti. Uhuru ulimkuta anachunga ndama, maana anakumbuka kuchapwa kwa kuwaacha ndama akakimbilia ngoma. Joram akadakia kutoka kwenye nafasi yake kwamba yeye ana sabini na mmoja, mama yake aliandikisha kanisani, na Mogesi alikuwa mdogo wake kwa miezi kadhaa tu.

"Basi una sabini," alisema daktari.

Sabini. Mogesi alihisi amebebeshwa mzigo ambao hakuuona ukifungwa. Akauliza kama hilo litaharibu pasi. Daktari alisema marekebisho ya pasi watayafuata kwa wanaohusika, na kadi yake itafuata tarehe ya kwenye pasi, lakini damu haisomi pasi. Kwa chanjo lazima amtendee kama mtu wa miaka sabini. Kisha, akitaka tu kujua habari za safari, akauliza, "Na huyo kijana unayemfuata, ana umri gani?"

Mogesi alifungua mdomo. Benchi lote lilikuwa linasikiliza, maana jambo lilikuwa limeshakuwa la wote. Hakikutoka kitu. Yeye mwenyewe alikuwa amejipunguzia miaka kumi na mitano kwa namna ile ya kuhesabu, na kwa namna hiyo hiyo Ezra hakuwa na mwaka hata mmoja. Hajaanza. Mtu anayefanya kazi chini ya ardhi kwenye nchi ya watu, aliyemwezekea baba yake nyumba, hajaanza. Mzee aliliona jambo hilo kwa mara ya kwanza likiwa limesimama wazi mbele ya watu, akaona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Thelathini na minane," Felista alijibu kwa niaba yake.

Daktari akasema iko njia ya kuandika barua kwamba mzee amesamehewa chanjo kwa sababu za afya, ila wale wa mpakani Ghana wanaweza kuikubali au kuikataa, na yeye hawezi kuahidi. Akamuuliza Felista kama yeye ana pasi. Felista anayo, na kadi ya njano anayo pia, alichanjwa zamani kwa ajili ya biashara zake za Uganda. Daktari akatandaza mikono. Basi kazi ilikuwa imekwisha kabla ya kuanza. Felista angeweza kupanda ndege wiki hiyo hiyo, bila siku kumi za kungoja, bila mzee kuhatarishwa, na mguu wa kijana usingesubirishwa bure.

Hakukuwa na mtu wa kulipinga hilo, hata Mogesi. "Basi aende Felista," alisema. Alihisi kifua kimefunguka, na papo hapo akajichukia kwa jinsi kilivyofunguka upesi.

Daktari alishauri wampigie mgonjwa, kwa kuwa mguu ni wake. Felista akapiga, akaweka simu katikati ili wote wasikie. Sauti ya Ezra ilikuja nyembamba. Felista alimweleza yote moja baada ya jingine: umri, hatari, siku kumi, kadi yake aliyonayo tayari.

"Nipe Tata," Ezra alisema.

Mogesi akainama kwenye simu. Ezra alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba. Ni baba aliyeendelea. Alisema dada yako atafika haraka, mimi nitakuchelewesha, mimi ni mzee kumbe, wamenihesabu hapa. Kisha akauliza lile lililomsumbua tangu siku ya kwanza.

"Kwa nini unanitaka mimi?"

"Nilishakatwa mara moja, Tata, na hukuwepo," alisema Ezra. "Nililala pale hospitali naangalia mlango. Sikujua kwamba mama hakukuambia. Nilidhani umekataa kuja. Safari hii nataka uwepo."

Miaka yote Mogesi alikuwa ameihesabu siku ile kama kitu alichoibiwa yeye. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba ndani ya chumba kile palikuwa na mtoto, naye alikuwa akimngoja.

Daktari Ndalahwa akaichukua simu, akauliza kuhusu muda. Ezra alisema madaktari wa huko wamempa wiki mbili kwa dawa na kusafishwa kidonda kila siku, zaidi ya hapo hawakubali. Daktari akafikiri. Zinatosha, alisema, lakini kwa shida, kama chanjo inachomwa leo. Akamgeukia mzee na kumkumbusha kwamba hatari ni ndogo ila ipo, na kwamba hakuna atakayemlaumu akimtuma binti yake.

"Mimi nina miaka sabini," alisema Mogesi. "Andika hivyo kwako. Nipime unavyotaka, kisha unichome."

Akapimwa. Shinikizo la damu, mapigo ya moyo, mapafu, maswali ya kisukari na ya dawa anazotumia, na mengine yaliyofanya Felista aombwe atoke nje kidogo. Moyo wake ulikuwa wa mtu anayetembea nyuma ya mifugo kila siku. Daktari akaridhika. Akamwita Felista ndani, akawaambia wote wawili dalili za kuangalia siku zinazofuata: homa kali, macho kuwa ya njano, kutapika, kuchanganyikiwa. Wakiona moja wasingoje, waje.

"Kuchanganyikiwa anako tangu wiki iliyopita," alisema Felista, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mzee alitabasamu.

Wakamrudisha kwenye kiti cha kuchomea, pale mbele ya benchi, pazia likiwa wazi. Simu ilikuwa imerudi mkononi mwa Felista, Ezra bado yuko hewani. Scholastica alipandisha mkono wa shati, akapangusa ngozi, akamshauri mzee aangalie pembeni kama hapendi kuona. Mogesi hakuangalia pembeni. Aliitazama sindano ikija, jinsi alivyofundishwa kukitazama kisu, shingo imenyooka, jicho halipepesi. Sindano iliingia na kutoka. Ilikuwa kitu kidogo sana.

Kisha machozi yakaanza kumtoka. Hayakuwa ya kufuta kwa kidole na kusingizia vumbi. Yalishuka mpaka kidevuni, yakadondoka kwenye shati, na mabega yakatikisika. Kwenye benchi walikuwepo wanaume wa Tarime, watu wazima, na katikati yao Joram, waliyesimama naye asubuhi ile ya saro bila yeyote kati yao kupepesa. Mkurya halilii chuma. Joram alikuwa amefungua mdomo na hajui aufunge vipi.

Scholastica aliogopa kwamba amemchoma vibaya. Alimshika bega. "Pole mzee wangu. Inauma?"

Angeweza kumwambia kwamba siyo sindano. Lilikuwa neno fupi tu, na lingemwokolea jina lake mbele ya rika lake lote. Mogesi aliiangalia simu iliyokuwa mkononi mwa Felista.

"Inauma, binti yangu," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka mwisho wa benchi. "Inauma sana."